CD Moja, Nyumba Tano

Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, bodaboda ilisimama mlangoni kwangu Temeke, na dereva akanikabidhi bahasha ya kaki yenye madoa ya mafuta. Madoa hayo nayajua. Bahasha ilikuwa imekaa wiki mbili juu ya kabati la muuza chipsi wa Tandika. Ndani mlikuwa na CD ya Ghost of Yōtei, gemu ya PlayStation 5 iliyotoka Oktoba 2025, pamoja na kikaratasi: "Usiniambie mwisho wake, sijamaliza." Hajamaliza, lakini zamu yake imekwisha, na sheria ni sheria.

Tuko watano. Mimi ni fundi wa viyoyozi, nina miaka 36 na watoto wawili. Yupo huyo muuza chipsi, yupo mwalimu wa hesabu wa Mbagala, yupo dada mmoja mhasibu wa Chang'ombe ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumfunga kwenye gemu ya ngumi ya Tekken mara mbili mfululizo, na yupo mwenye bodaboda, mwenyekiti wa usafiri. Gemu kubwa ikitoka tunasubiri mzigo wa Dubai ufike Kariakoo, tunachanga shilingi 40,000 kila mtu, tunanunua CD moja kwa 200,000. Kila nyumba inakaa nayo wiki mbili. Wiki ya kumi ikiisha tunairudisha Kariakoo, muuzaji anatupa 110,000, tunagawana. Piga hesabu: gemu ya dola 70 imemgharimu kila mmoja wetu shilingi 18,000. Kuku wa kienyeji humpati kwa hela hiyo.

Nayaeleza haya kwa sababu watu wengi wakisikia bei za gemu wanacheka na kuondoka. Mpwa wangu wa miaka 19 huniambia, "Mjomba, hiyo si kodi ya chumba ya miezi mitatu?" Ndiyo, ni kodi ya miezi mitatu kwa mtu anayenunua peke yake, anacheza peke yake na haiuzi. Sisi hatuishi hivyo. Shida yangu ni kwamba wanaotengeneza gemu wameanza kututaka tuishi hivyo.

Nianze na utetezi wao, maana si vizuri kumsema mtu asiyekuwepo. Mashine za Xbox 360 na PlayStation 3 zilipoingia sokoni mwaka 2005 na 2006, gemu kubwa Marekani ilikuwa dola 60. Bei ikakaa hapo karibu miaka 15, mpaka 2020 NBA 2K21 ilipofungua mlango wa dola 70. Mwaka 2025 Nintendo wakaja na Mario Kart World kwa dola 80, kelele zikapigwa. Lakini ukitia mfumuko wa bei wa kule kwao, dola 60 za 2006 ni zaidi ya dola 90 za leo. Kwa Mmarekani, gemu imeshuka bei.

Mimi silipwi kwa dola. Mwaka 2006 dola ilikuwa kama shilingi 1,250. Siku hizi inacheza kwenye 2,500. Dola 60 ilikuwa shilingi 75,000, na dola 70 ni 175,000, kabla hujaweka faida ya mwenye duka na gharama ya kuileta kutoka Dubai. Gemu ile ile ambayo kwao imeshuka, kwangu imepanda zaidi ya mara mbili.

Gharama za kutengeneza nazo si hadithi. Mwaka 2023, kwenye kesi iliyohusu Microsoft kuinunua Activision Blizzard, Sony, wenye PlayStation, walipeleka mahakamani nyaraka ambazo namba za siri zilikuwa zimepakwa kalamu nyeusi. Zilipopitishwa kwenye skana, namba zikasomeka chini ya wino. Dunia nzima ikajua kwamba The Last of Us Part II ilikula dola milioni 220, na Horizon Forbidden West milioni 212. Ukishazika hela kama hiyo kwenye gemu moja, unakuwa mwoga. Unarudi kwenye jina ambalo watu wameshalinunua mara nne. Na anayethubutu jipya anaweza kuanguka vibaya: Concord ya Sony ilitoka 23 Agosti 2024, ikaondolewa sokoni 6 Septemba, wanunuzi wakarudishiwa hela zao. Wiki mbili! Kwetu hapo CD ingekuwa bado iko nyumba ya kwanza.

Nisichoweza kuwatetea ni bei ya mashine. PlayStation 2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000. Kufikia 2009 ilikuwa dola 99. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: mashine inazeeka, bei inashuka, na sisi wa mwisho kwenye foleni tunafikiwa. PlayStation 5 yenye sehemu ya CD ilianza kwa dola 499 mwaka 2020. Agosti 2025, ikiwa na miaka karibu mitano, Sony wakaipandisha Marekani hadi 549. Mimi nikikuuzia kiyoyozi kilichotumika miaka mitano kwa bei kubwa kuliko kipya, utaniitia mgambo.

Mimi nililelewa na banda. Mwaka 2003, nikiwa na miaka 14, nyuma ya soko la mtaani kwetu palikuwa na banda la mabati lenye TV nne za chogo. Shilingi 100 gemu moja, ukifungwa unapisha. Tulicheza Tekken 3, na ndani yake alikuwemo Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira. Eddy alikuwa ugomvi wa kila siku, kwa sababu mtu asiyejua lolote angemchagua, akabonyeza vitufe vya mateke hovyo hovyo, na akamtoa bingwa wa mtaa. Mwenye banda akaandika ukutani kwa chaki: EDDY MARUFUKU BAADA YA SAA KUMI. Saa kumi ndipo wakubwa walipotoka kazini, na wakubwa hawakupenda kutolewa na mtoto wa darasa la tatu.

Januari 2024 ikatoka Tekken 8. Dada wa Chang'ombe alikuwa na zamu ya kwanza, akanipigia simu: "Kaka, Eddy hayumo." Hayumo vipi? Miezi michache baadaye Eddy akatokea, anauzwa peke yake, karibu dola 8. Shilingi 20,000 kwa Eddy! Kwa hela hiyo, mwaka 2003 ningecheza mara 200, na Eddy angekuwemo zote, mpaka saa kumi.

GTA ni habari hiyo hiyo. San Andreas ya 2004 ilipofika bandani, kila mtoto alikuwa na daftari la chiti. R1, R2, L1, X, kisha kushoto, chini, kulia, juu, halafu unarudia mishale hiyo minne, na CJ, mhusika unayemchezesha, anapata afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000. Hesabu ya darasani nilisahau, hiyo sijasahau. GTA V ikatoka Septemba 2013, ikauzwa tena kwa PlayStation 4, ikauzwa tena kwa PlayStation 5, imevuka nakala milioni 200, na ndani ya GTA Online fedha za kwenye gemu zinauzwa kwa fedha za mfukoni. Kitu tulichokuwa tunakipata kwa kubonyeza vitufe 12 siku hizi kina bei.

Lakini ni kwenye mpira ndiko hela za watu wengi zinakoishia. Banda letu lilikuwa na vyama viwili. Kulikuwa na watu wa FIFA, na kulikuwa na sisi wa Konami, tulioita gemu yetu Wining kutokana na jina lake la Kijapani, Winning Eleven, ingawa kwenye ganda iliandikwa Pro Evolution Soccer. Konami hawakuwa na leseni za timu zote, kwa hiyo Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea London FC. Haikutusumbua. Tulichojali ni kwamba Adriano wa Inter akigeukia mguu wa kushoto, kipa anakwenda kuokota wavuni. Nasema mpaka leo, na mniite mzee: hakuna mpira wa kwenye gemu uliochezeka kama PES 6 ya mwaka 2006. Tuliicheza kwenye PlayStation 2 iliyotiwa chipu, CD ya kuchoma, shilingi 2,000. Ndiyo, tulikuwa tunaiba. Sikununua gemu halali hata moja mpaka 2015, na anayeandika makala ya kulalamikia kampuni za gemu bila kukiri hilo anawadanganya.

Konami waliizika wenyewe. Mwaka 2021 wakaibatiza jina la eFootball, wakaitoa bure, na siku ya kwanza nyuso za wachezaji zilikuwa za kutisha mpaka zikageuka vichekesho duniani kote. FIFA akabaki uwanjani peke yake.

Mimi nilihama kwa ajili ya mtu mmoja, Mbwana Samatta. Kwenye FIFA 20 alikuwa Genk, na Januari 2020 alipokwenda Aston Villa, sasisho la vikosi likamhamisha na ndani ya gemu. Jioni hiyo tulikusanyika kwa mwalimu, na kila mtu akataka Villa. Ikabidi icheze Villa na Villa, Samatta huku na Samatta kule, krosi tu mpaka usiku wa manane. Hakuna kampuni iliyotutangazia. Ukimweka kijana wa Mbagala kwenye gemu, Mbagala itanunua.

Tangu gemu ya kwanza ya 1993, EA, watengenezaji wa FIFA, hutoa mpya kila mwaka. Mwaka 2023 walipoachana na shirikisho la FIFA, jina likawa EA Sports FC. Kilichobadilika ni jina, jezi, na namba za wachezaji. Ushauri wangu ni mfupi: nunua moja kila baada ya miaka mitatu. Mimi nina FC 24, na nitaibadilisha FC 27 ikitoka. Ya zamani Kariakoo inashuka mpaka shilingi 30,000, kwa hiyo mwenye haraka ndiye anayelipia uvivu wao.

Ila wao hawaishi kwa CD tu. Kuna sehemu inaitwa Ultimate Team, iliyoanza 2009, ambamo unanunua pakiti bila kujua mchezaji gani yumo. Katika mwaka wao wa fedha ulioishia Machi 2021, Ultimate Team za gemu zao zote za michezo ziliwaingizia dola bilioni 1.62. Ubelgiji walisema mchezo wa namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti. Hapa kwetu kila mtu anabeba mzigo wake. Mpwa wangu alibeba wake kwenye gemu moja ya mpira ya simu, ambayo sitaitaja. Alinipigia saa tano usiku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

"Sijaharibu. Nimefungua pakiti."

"Za shilingi ngapi?"

"Elfu sitini."

"Umepata nani?"

Kimya. Kisha: "Makipa watatu."

Sikumgombeza. Mimi mwenyewe mwaka 2003 niliwahi kuimalizia bandani hela ya mafuta ya taa. Tofauti ni kwamba mwenye banda alinijua, akanifukuza, na kesho yake akamwambia mama.

Sasa CD yenyewe. Katika kila gemu kamili kumi zinazouzwa kwa mashine za PlayStation, zaidi ya saba siku hizi zinapakuliwa, hazishikiki mkononi. PlayStation 5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 700 bila tundu la CD. Ukilitaka, unaongeza dola 80. Anayeishi Stockholm na intaneti ya waya nyumbani hilo halimnyimi usingizi. Mimi natumia bando la simu. Gemu ya GB 100 kwa bando ni sawa na kununua gemu mara ya pili, na Luku ikikata katikati ya kupakua ndiyo unajifunza dua mpya.

Kisha kuna jambo ambalo watu hawaliamini mpaka niwaonyeshe: kwenye orodha ya nchi za akaunti za PlayStation, Tanzania haimo. Kenya nayo haimo. Kwa hiyo sote tunadanganya. Akaunti yangu inaishi Oregon, Marekani, kwa sababu Oregon haina kodi ya mauzo. Mimi mwenyewe sijafika hata Nairobi. Tunanunua kadi za zawadi za dola mtandaoni na kuomba Mungu. Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hizo, gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo kwenye orodha. Wachezaji wa dunia nzima walikasirika mpaka sharti lenyewe likafutwa, na wengi walishangaa kusikia kwamba sisi tupo.

Uongo huo una gharama. Mwaka juzi nilinunua CD ya mzigo wa Dubai, ganda lina maandishi ya Kiarabu, gemu inafanya kazi safi. Nikaipenda, nikanunua sura ya nyongeza kwa dola 30 kupitia akaunti ya Oregon. Haikufunguka. CD ya Ghuba na nyongeza ya Marekani hazisalimiani. Dola 30 zangu zipo mpaka leo, zimehifadhiwa Oregon.

Na hata anayeishi Oregon kweli hana uhakika. Ubisoft walitoa gemu ya magari, The Crew, mwaka 2014. Mwisho wa Machi 2024 wakazima seva, na kwa kuwa haichezeki bila seva, gemu ikafa, hata kwa mwenye CD. Fikiria nikufungie kiyoyozi, unilipe, halafu baada ya miaka kumi nije nikichomoe ukutani kwa sababu nimechoka kukihudumia. Raia wa Ulaya zaidi ya milioni moja walisaini maombi ya kutaka hilo likomeshwe kisheria. Sahihi yangu haimo, kwani Oregon haiko Ulaya.

Wapo wanaoniambia suluhisho ni usajili wa kila mwezi. Game Pass Ultimate ya Xbox ilitoka dola 20 kwa mwezi hadi 30 mnamo Oktoba 2025. Kwa bei hiyo ya 2025, mwaka mzima ni dola 360, yaani shilingi 900,000. Kwa utaratibu wetu wa 18,000, hizo ni gemu 50. Sina muda wa gemu 50. Nina watoto.

Lakini nikiri tena. Gemu iliyonigusa zaidi miaka hii niliipata kwa usajili, mwezi ambao mwalimu alinigawia wa kwake. Ni Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024, iliyobuniwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyempa sauti Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Alimpoteza baba yake, na gemu inamhusu kijana Zau anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, kumdai baba yake arudishwe. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta sauti za Kiswahili. Siyo maandishi, sauti. Nimecheza gemu miaka 22 kwa Kiingereza cha kubahatisha, hata Kijapani, na hapo mtu anaomboleza baba yake kwa lugha niliyomwombolezea wangu. Mke wangu, ambaye gemu kwake ni kelele, alikaa kochini akasikiliza. Bei yake ilikuwa dola 20. Mwaka huo huo studio ikapunguza watu.

Kwenye bei za katikati kama hiyo ndiko macho yangu yaliko. Clair Obscur: Expedition 33 imetengenezwa Montpellier, Ufaransa, na timu ya msingi ya watu kama 30, ikauzwa dola 50, na Desemba 2025 ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka mbele ya vigogo. Hollow Knight: Silksong ya Waaustralia wachache ilitoka 4 Septemba 2025 kwa dola 20, na maduka ya mtandaoni yakazidiwa na wanunuzi. Muuza chipsi hakuielewa Clair Obscur hata kidogo. Alisema vita vyake ni vya kusubiriana kama foleni ya benki. Mimi niliomba wiki ya ziada, nikanyimwa.

GTA VI imepangwa 19 Novemba 2026. Tumeshapiga kura ya zamu, nimetoka wa nne. Kuna wanaosema itavunja dola 80. Ikivunja, tutaongeza mtu wa sita.

Wewe unayefikiria kununua PlayStation 5 ya bei poa Kariakoo, kabla hujatoa hela, iweke mezani na upitishe kidole mbele yake ukitafuta tundu la CD. Kama halipo, mwambie muuzaji akupunguzie kiasi sawa na bei ya kifaa cha kusomea CD, na kama mashine ni ya toleo la 2020 lisilokubali kuongezewa kifaa hicho, irudishe rafuni.